Tulipata 485. Sasa tutoe hesabu



Mmoja wetu alirudi kutoka Kampala, akaingia ndani ya parsele, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kusalimia mtu. Kisha akatupatia simu tujisomee wenyewe: 485. Katika mtihani wa GMAT, ule wa kuingia shule kubwa za biashara, alama zinaanza 205 na zinaishia 805. Burse aliyokuwa anaitafuta iliomba angalau 555.

Mtu huyo alimaliza chuo kikuu na distinction. Diploma yake ya ekonomi iko ukutani kwa mama yake, na yeye yuko na miaka miwili bila kazi. Siku ile watu walisema mambo mawili. Wa kwanza: "Unaona? Ile mitihani ni ya bazungu, haikutengenezwa juu yetu." Wa pili: "Weye hauna kichwa ya hesabu, tafuta kitu ingine." Sisi hatukubali neno la kwanza, na la pili pia hatulikubali. Yote mawili yanatuzuia kufungua ile alama na kuangalia kilichomo.

Sisi ni watu wa kuuliza hesabu. Barabara ikitangazwa na tukaona vumbi tu, tunaulizaka: makuta yalipita wapi? Kiongozi akijibu kwamba "mambo ni magumu", hatuendi kulala. Tunataka mstari kwa mstari. Basi na sisi tulikosa alama 70. Zilipita wapi? Mstari kwa mstari.

Tulikaa watu wanne, jioni tatu, tukatoa hesabu. Tunawaletea matokeo, na makosa yetu hatuyafichi.

Mstari wa kwanza ni kitabu. Tulisomea kwenye fotokopi ya zamani iliyopita mikono mingi. Hatukuangalia mwaka. GMAT mpya ilianza mwezi wa 11, 2023, na ya zamani ikafungwa mwanzoni mwa 2024. Jiometri iliondolewa, insha iliondolewa, na yale maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza yaliondolewa pia. Sisi tulipoteza wiki tano kwenye pembetatu na duara ambazo hakuna mtu angetuuliza. Hata alama zenyewe zilibadilika: 645 ya leo inalingana karibu na 700 ya zamani. Njo maana kijana anayesikia kila siku habari za "watu wa 700" anajidharau bure. Anajipima kwa kipimo kilichokwisha kuondolewa sokoni.

Mstari wa pili ni safari. Ili tusilipe nyumba ya wageni, ndugu yetu alipanda basi la usiku na kuingia kwenye chumba cha mtihani asubuhi, miguu imevimba. Mtihani wenyewe una sehemu 3 za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, kusoma na kufikiri maswali 23, na uchambuzi wa data maswali 20. Yaani dakika mbili na kidogo kwa kila swali, saa mbili na robo kwa jumla. Katika sehemu ya mwisho aliacha maswali manne bila kuyagusa. GMAT inaadhibu maswali yaliyoachwa wazi. Tuliokoa dola za kulala usiku mmoja, tukapoteza mtihani unaopita dola 200. Huo ni uchumi gani, na sisi ni wana-ekonomi?

Mstari wa tatu njo mkubwa. Tulichukua mitihani miwili ya majaribio, ile inayotolewa bure na wenye GMAT kwenye mba.com, tukaandika kila kosa ndani ya daftari. Makosa yalikuwa 54. Tukayagawanya kwa sababu yake. Hesabu tusizozijua kabisa: 11. Muda kwisha na kubahatisha: 16. Maneno ya Kiingereza yaliyotushinda: 8. Na swali tulilolijua vizuri lakini tukalisoma mbio, tukajibu kitu kisichoulizwa: 19.

Rudieni hapo. Kati ya makosa 54, ni 11 tu yaliyokuwa ya kutokujua. Yule aliyesema "hauna kichwa ya hesabu" alikosea. Lakini na sisi, bila daftari hilo, tungerudi kumeza formula miezi mingine minne, halafu tungepata 495.

Tutoe mfano. Tuseme unaulizwa: je, chukudu hii imebeba mifuko zaidi ya 10? Habari ya kwanza: idadi ya mifuko inagawanyika kwa 4. Habari ya pili: idadi iko kati ya 9 na 15. Swali halitaki umwambie mtu idadi ya mifuko. Linataka useme kama habari zinatosha kujibu. Ya kwanza peke yake haitoshi, juu inaweza kuwa 4 ao 12. Ya pili peke yake haitoshi, juu inaweza kuwa 10 kamili, na 10 haipiti 10. Ukiziunganisha, inabaki 12 tu. Zinatosha. Sisi, mara ya kwanza, tuliandika moja kwa moja kwamba habari ya pili inatosha, juu tuliisahau ile 10. Ni swali la mtoto, na lilituangusha watu watatu kati ya wanne.

Kwa nini lilituangusha? Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu shule tulizopita. Kuanzia Exetat mpaka chuo kikuu, tulifundishwa kumeza silabasi na kuirudisha kama ilivyo. Hakuna aliyetuuliza: habari hizi zinatosha, ao hazitoshi? Ukianguka unakwenda deuxième session, unameza tena kurasa zilezile. Na kopi yako iliyosahihishwa hauioni. Unaona tu pointi zimebandikwa kwenye valve, 9 kwa 20, na unabaki unakisia. Wengine wakakimbilia mlango wa msaidizi kuomba pointi, wengine wakalipa. Tumekuwa kizazi kinachojua gisi ya kubembeleza alama na hakijui gisi ya kuisoma. Sasa tunakutana na mashine ambayo haina mjomba wala haipokei bahasha. Inakupa swali gumu zaidi ukijibu vizuri na rahisi zaidi ukikosa, basi.

Hatusemi kwamba kila mtu anaanza mbio kwenye mstari mmoja. Hapana. GMAT iko kwa Kiingereza peke yake, na sisi tulisoma kwa Kifaransa. Tangu benki zilipofunga milango hapa Goma mwezi wa kwanza 2025, hata kulipa mtihani ilikuwa kazi: ilibidi tumpate binamu wa mmoja wetu ng'ambo alipe kwa kadi yake, sisi tumrudishie kidogo kidogo. Umeme unakatika, mega ni bei. Kijana wa mji mwingine anasoma mezani chini ya taa, sisi tunasoma na tochi ya simu. Huo ni ukweli na tutaendelea kuupigia kelele. Lakini mambo hayo, kwenye daftari letu, yanaeleza sehemu tu ya zile alama 70. Hiyo nyingine iko mikononi mwetu. Tukiificha nyuma ya delestaji, tunafanya kama wale viongozi tunaowalaumu.

Sasa tulifanya nini? Tuliacha kitabu cha zamani. Kila juma tulifanya sehemu moja yenye dakika 45 kamili, saa mezani, simu zimezimwa. Siku iliyofuata hatukufanya maswali mapya: tulisahihisha yale ya jana, na kila mtu alieleza kosa lake kwa sauti mbele ya wengine mpaka wenzake waseme wameelewa. Tulijizoeza kusoma swali lenyewe mara mbili kabla ya kugusa namba. Tulijifunza kuachilia: ukipita dakika tatu kwenye swali moja, jibu kwa kukisia, weka alama, songa. Mtihani unakuruhusu kurudi mwishoni mwa sehemu na kubadilisha majibu mpaka 3. Ada ya mara ya pili tuliipata kwa likelemba ya watu tisa, zamu yake ikatangulizwa. Na safari hii alifika Kampala siku mbili mapema, akalala kwa shangazi.

Alipata 565.

Haikuwa muujiza. Burse haijajibu bado, na inaweza kusema hapana. Ila tunajua kila moja ya zile alama 80 ilitoka wapi.

Tunawaambia pia mambo matatu ya kujilinda. La kwanza: musikimbilie kurudia. Sheria inaruhusu mara 5 ndani ya miezi 12, na siku 16 zipite kati ya moja na nyingine, lakini bila daftari la makosa unalipa dola juu ya kosa lilelile. La pili: ulizeni kwanza kama shule yenu inaomba GMAT kweli. Shule nyingi za Ufaransa zinapokea TAGE MAGE, kwa Kifaransa tulichosomea. Ila huko sheria ni tofauti: jibu la makosa linakukata pointi 1, na ukiacha wazi haukatwi. Anayebahatisha kule kama kwenye GMAT anajichoma mwenyewe. La tatu: wale wanaouza "maswali ya kesho" kwenye WhatsApp ni wezi. Mmoja wetu aliwapa dola 30 na akapokea picha za kitabu cha zamani, kilekile cha fotokopi yetu. Hata yangekuwa ya kweli, alama ikigunduliwa inafutwa. Na siye tunaopinga rushwa, tungeanzia wapi kusema?

Tunajua wengine watatuuliza: "Mapambano iko hapa, nyie munatafuta shule za mbali?" Tunajibu. Inchi hii inahitaji watu wanaoweza kusoma mkataba wa madini na kuona mahali namba hazikubaliani, na kusema mbele ya meza: habari hizi hazitoshi, hatutii sahihi. Kama kazi hiyo inafundishwa mbali, tutaifuata. Swali la kurudi, kila mtu atalijibu mbele ya wenzake, na sisi tutamuuliza.

Kwa wakuu wa vyuo vikuu vyetu tunaomba kitu kimoja, na hakina bei: mturudishie kopi zetu zilizosahihishwa. Mwanafunzi aone kosa lake kwa macho. Mtu asiyeona kosa lake ataanguka nalo miaka mitano, kisha atakabidhiwa diploma juu yake.

Na kwako wewe uliyeficha alama yako kwenye simu, hata mama haujamuonyesha: ifungue leo. Tafuta wenzako watatu na daftari moja. Anza na mstari wa kwanza.

Imeandikwa Goma, na vijana wenye diploma na wasio na kazi.