Simu ya mgonjwa nayo ni zamu

Na Zuhura Makame

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kuwa uchovu sugu wa kazi si ugonjwa, bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Anayetaka kuuondoa basi aanze na mpangilio wa kazi, si kumpeleka mfanyakazi semina ya kujifunza kuvumilia. Nawazungumzia wahudumu wa afya wanaotibu na kushauri kwa simu, ambao wengi hudhani wamepata kazi nyepesi kwa kuwa hawapandi daladala wala hawakeshi wodini. Safari imepungua, nakubali. Lakini aliye na mgonjwa mbele yake humpapasa tumbo na kumtazama macho. Wa simuni ana sauti tu, na kwa sauti hiyo aamue kama mjamzito mwenye homa asubiri kesho au akimbizwe hospitali sasa hivi. Simu ikikatika, mara nyingi hajui yaliyofuata. Anabaki na wasiwasi huo huku simu nyingine ikiita.

Halafu kuna kuandika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa kila saa moja daktari anayokaa na wagonjwa, karibu saa mbili huishia kwenye kompyuta na kazi za mezani, na nyingine huimalizia nyumbani usiku. Madaktari hao angalau walikuwa na kliniki ya kufunga jioni; wa simuni hana. Kenya ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 Septemba 2023, iliwapa simu za kazi na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Simu hizo zinasaidia sana kutunza kumbukumbu, sibishi. Ila namba ikishazoeleka kijijini, nani ataiheshimu saa ya kulala?

Wapo watakaosema mgonjwa hachagui saa ya kuugua. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana wodi haifungwi usiku. Lakini muuguzi huondoka: anakabidhi zamu, ripoti inasomwa, mwenzake anashika. Huduma ya simu inastahili utaratibu huohuo. Namba iwe ya kituo, si ya mtu. Ujumbe unaojibiwa uhesabiwe katika saa za malipo. Anayetoka zamu atoke kweli. Itahitaji watu zaidi na fedha zaidi, lakini hata sasa gharama ipo, na anaibeba mgonjwa anayeshauriwa na mtu aliyechoka. Kituo kinachotangaza huduma ya saa 24 kitueleze kwanza ni watu wangapi wanaogawana saa hizo.