Anayeamini, Anayekana na Asemaye "Sijui"

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliye nje ya dini. Tunaye kafiri, tunaye mpagani, tunaye mlahidi, tunaye mkana Mungu. Lakini mtu asemaye kwamba hajui kama Mungu yupo au hayupo, tena haoni njia ya kulijua jambo hilo kwa hakika, hana jina lililozoeleka vinywani mwa watu. Wasomi humwita mwagnostiki, na msimamo wake huuita uagnostiki. Watu wengine humtia tu katika kapu moja na mkana Mungu. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba kapu hilo si lake, na kwamba mwalimu asiyeweza kuitambua tofauti hiyo hawezi kuliongoza vema darasa lenye watoto wa imani mbalimbali.

Yafaa tuanze na asili ya neno lenyewe. Lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mwanasayansi wa Uingereza, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisichojulikana. Huxley aliishi kati ya watu wenye hakika, wengine kwamba Mungu yupo na wengine kwamba hayupo. Yeye aliona kwamba hakika hiyo hanayo, akajitafutia jina. Rafiki yake Charles Darwin, ambaye mara nyingi hutajwa madarasani kana kwamba alikuwa adui wa Mungu, aliandika katika barua ya mwaka 1879 kwamba hakupata kamwe kuwa mtu wa kukana kuwapo kwa Mungu, na kwamba kwa kawaida jina la mwagnostiki ndilo lililoieleza vizuri zaidi hali ya mawazo yake.

Tukichunguza kwa makini tutaona kwamba hapa yamo maswali mawili, si moja. Swali la kwanza ni "Je, unaamini?" Swali la pili ni "Je, unajua?" Mwamini hulijibu la kwanza kwa ndiyo, na mkana Mungu hulijibu kwa siyo. Mwagnostiki huanza na la pili, naye husema hajui. Wengine wao huongeza kwamba binadamu hana uwezo wa kujua. Kwa sababu hiyo wapo wasiojua ambao bado husali, na wapo wasiojua ambao hawasali.

Kwa upande mwingine tusidhani kwamba kila akirie udogo wa akili yake ni mwagnostiki. Mwanachuoni wa Kiislamu humaliza fatwa yake kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wanateolojia wa Kikristo nao wamefundisha tangu zamani kwamba Mungu hawezi kuenea katika fikra za mwanadamu. Hao hawana shaka kwamba Mungu yupo. Wanachokiri ni kwamba hawawezi kumjua kwa ukamilifu. Mwagnostiki amesimama hatua moja nyuma yao, penye swali la kuwapo kwenyewe.

Huenda msomaji akauliza mambo hayo yana faida gani kwa mwalimu wa Morogoro. Yana faida kubwa. Mji wetu una misikiti na makanisa, na katika vijiji vya Uluguru dini hizo mbili zimekutana na desturi zilizozitangulia. Kabla ya wamisionari, Waluguru walimjua Mulungu, walifanya matambiko kwa wahenga wao, na walikwenda katika pango la Kolelo kuomba mvua na mazao. Kauli zilizosemwa kutoka Kolelo zilikuwa na nguvu hata zikahusishwa na Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Mtoto wa mlimani, basi, aweza kukua akisikia majibu matatu nyumbani na la nne shuleni. Si ajabu akisita.

Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha tulipata kukaa nyuma ya darasa la sita katika shule moja ya mlimani. Mwalimu mwanafunzi aliuliza milima ile imetoka wapi. Mtoto mmoja akajibu: "Sijui, mwalimu. Babu anasema hivi, shehe anasema vile, na kitabu kinasema ardhi iliinuka." Mwalimu akamwambia kwamba hayo ni maneno ya watu wasio na Mungu. Darasa likacheka, na mtoto yule hakuinua mkono tena mpaka kengele ilipogongwa. Hakuwa amekana lolote. Alikuwa ameyapanga majibu yote aliyoyasikia, akakiri kwamba hajaweza kuchagua. Katika somo zima hakuna aliyefikiri zaidi yake, naye ndiye aliyeadhibiwa.

Taifa letu lenyewe limetuonyesha kwamba kutotamka si kukana. Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, kama inavyosomeka baada ya marekebisho yake, inasema kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyo na dini. Hata hivyo Wimbo wa Taifa unamwomba Mungu baraka, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadili. Tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijamwuliza mwananchi dini yake katika kuhesabu watu. Mwalimu Nyerere, aliyeujenga msingi huo, alikuwa Mkatoliki mwenye kusali. Dola isiyo na dini si dola iliyoamua kwamba Mungu hayupo. Ni dola iliyokataa kuamua jambo hilo kwa niaba ya raia wake. Mwalimu wa shule ya serikali anapokuwa mbele ya darasa yafaa ashike mwendo huo huo, hata kama yeye mwenyewe ni mwamini thabiti.

Kwa upande wa mbinu, tunapendekeza zoezi jepesi. Mwalimu aandike ubaoni sentensi tatu: "Jana mvua ilinyesha hapa shuleni", "Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua nyingi kuliko ya magharibi", "Mvua ni neema ya Mungu." Wanafunzi waeleze kila sentensi yaweza kuthibitishwaje. Ya kwanza huthibitishwa kwa kipimamvua. Ya pili huhitaji vipimo vya miaka mingi, na sababu yake hueleweka tukichunguza pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Ya tatu haipimwi kwa chombo. Mmoja ataikubali, mwingine ataikana, na wa tatu atasema hajui. Kisha wanafunzi wajizoeze kutumia kwa usahihi vitenzi vinne: najua, naamini, nakana, sijui. Mtoto aliyevizoea hatamwita mwenzake kafiri kwa sababu ya kusita, wala hataiona imani ya mwenzake kuwa ujinga.

Wapo wazazi watakaohofu kwamba tunafundisha mashaka. Hofu hiyo tunaiheshimu, maana mzazi ana haki ya kumlea mtoto katika dini yake, nacho kipindi cha dini kina walimu wake. Lakini imani inayotegemea mtoto asisikie neno "sijui" ni imani dhaifu, na kuilinda kwa kicheko cha darasa hakuiimarishi. Aidha, hatusemi kwamba kila "sijui" ni hekima. Ipo "sijui" ya mvivu ambaye hakufungua daftari, na ipo ya mtu aliyetafuta akakiri mpaka wa alichopata. Kazi ya mwalimu ni kuitambua ya kwanza na kuikemea, na kuitambua ya pili na kuipa nafasi.

Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tangu mwaka 1967 tuwajengee vijana akili ya kudadisi. Akili hiyo haiwezi kukua mahali ambapo kukiri kutojua huhesabiwa kuwa dhambi. Walimu wanafunzi watakaotoka vyuoni mwetu na waende mashuleni wakijua kwamba anayeamini, anayekana na asemaye hajui ni watu watatu, na kwamba wote watatu wana dawati darasani.