Panki si Kelele Tupu

Wapo wenzangu katika taaluma ambao hushangaa wanaponikuta nikisikiliza muziki wa panki. Huniuliza, mtu mzima aliyebobea katika isimu ana haja gani na makelele ya vijana wa Uingereza waliojitoboa mashavu kwa pini? Swali hilo ni la haki, nami leo nalijibu mbele ya walimu na wanafunzi, kwani jibu lake lawahusu wao pia. Nazienzi albamu hizo kwa sababu ndani yake nasikia watu wakiamua kwa makusudi watasema kwa sauti ya nani.

Yafaa tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya panki. Muziki wa roki ulizaliwa Marekani, na waimbaji wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 aghalabu waliuimba kwa lafudhi ya huko. Mwanaisimu Peter Trudgill alilichunguza jambo hili katika makala yake mashuhuri ya mwaka wa 1983. Alibainisha kwamba waimbaji hao waliitamka 'r' mwishoni mwa maneno, ilhali katika mazungumzo yao ya kila siku hawakuitamka. Wengine walipitiliza, wakaipachika 'r' hiyo hata mahali ambapo Mmarekani mwenyewe haiweki. Hiyo ndiyo aibu ya mwigaji: huiga hata kisichokuwapo.

Mwaka wa 1976 kundi la Ramones kutoka New York lilitoa albamu yenye nyimbo 14 ambazo kwa jumla hazitimizi nusu saa. Vijana wa London waliisikia, wakang'amua kuwa mtu hahitaji kuwa bingwa wa gitaa ndipo apande jukwaani. Lakini wengi wao walipofungua vinywa, walitumia lafudhi ya makabwela wa kusini mwa Uingereza, wakiimeza 't' kooni bila haya. Lafudhi ambayo walimu wao waliikemea darasani sasa ilikuwa ndani ya sahani ya santuri.

Katika albamu zote za kipindi hicho, naitanguliza Germfree Adolescents ya kundi la X-Ray Spex, iliyotoka mwaka wa 1978. Mwimbaji wake, Poly Styrene, alikuwa binti wa baba Msomali, akakulia mtaa wa Brixton jijini London. Hata jina lake la jukwaani ni la aina ya plastiki, nazo nyimbo zake zilikejeli matangazo ya biashara na uchu wa kununua kila kitu. Sauti yake haikuwa nyororo. Alipiga ukelele, saksafoni ikamjibu, na msikilizaji hakuwa na shaka kuwa huyu hakumwomba mtu ruhusa ya kusema. Alifariki mwaka wa 2011, lakini albamu hiyo haijazeeka.

Hata hivyo, lipo pingamizi ambalo sina budi kulikabili. London Calling ya kundi la The Clash, iliyotoka Desemba 1979, husifiwa kuwa kilele cha panki, nami sipingi. Ina nyimbo 19 katika sahani mbili, na kundi lenyewe lilishikilia kwamba ziuzwe kwa bei ya moja. Lakini mwimbaji wake, Joe Strummer, hakuwa kabwela. Alizaliwa Ankara, baba yake akiwa mtumishi wa ubalozi wa Uingereza, naye akasomeshwa katika shule ya bweni ya kulipia. Lafudhi ile ya mtaani aliivaa ukubwani. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Je, Strummer alikuwa mtumwa?

Nasema hakuwa. Alijua ni nani anaotaka kusimama nao, akaitumia sauti hiyo kusema juu ya vita vya Uhispania. Kwa hiyo kipimo changu si mahali mtu alipozaliwa tu. Kipimo ni kama sauti aliyoichagua inabeba jambo.

Kwa kipimo hicho naziweka kando kwa kando albamu mbili za mwaka wa 1994. Dookie ya Green Day ina nyimbo tamu ajabu, lakini Billie Joe Armstrong, mzaliwa wa California, anaimba kwa lafudhi inayoelekea Uingereza, jambo ambalo mwenyewe amelifanyia mzaha. Mwingereza alimwiga Mmarekani, sasa Mmarekani anamwiga Mwingereza! Hapo naona pambo. Katika No Need to Argue ya The Cranberries, kundi la roki mbadala, Dolores O'Riordan anawalilia watoto wawili waliouawa na bomu mjini Warrington mwaka wa 1993, na anawalilia kwa lafudhi ya kwao Limerick, Ayalandi. Ukiiondoa lafudhi hiyo, kilio kitapungua.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Tunasahihisha insha ambamo kila mhusika hurauka alfajiri na mapema, kisha huzama katika lindi la mawazo. Mwanafunzi ameyakariri hayo, nasi tunampa alama. Nami nimewahi kuzitoa alama hizo, ilhali nilijua kwamba mwandishi wa insha ile hakusema lolote lake. Simwambii mwanafunzi aidharau sarufi wala hazina ya lugha, maana hata hao wa panki walijifunza mapigo kabla ya kurekodi. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya kuhesabu misemo, tumuulize: umeuchagua msemo huu kwa nini? Asiyekuwa na jibu aufute, aandike alichokiona njiani alipokuwa akija shuleni.