Dawa ya Deni Yaanzia Mfukoni

Wahenga walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Siku ya kukopa mtu huchekewa, hupewa kiti, na fedha huhesabiwa mkononi mwake. Siku ya kulipa nyumba huwa kimya, na kila kitolewacho hutolewa kwa uzito kama siku ya msiba. Methali hii ni ya zamani, lakini haijapata kuonekana kweli zaidi ya ilivyo sasa, ambapo harusi ya kukopa yaweza kufanywa usiku wa manane, mtu akiwa kitandani mwake, bila kumwona uso yule anayemkopesha.

Hapo kale mtu aliyetaka shilingi alipaswa kwenda kwa mwenye duka, au kwa ndugu, au kwa karani wa benki, na kueleza haja yake. Aibu ya kuomba ilikuwa kama ua lizuialo ng'ombe asiingie katika mahindi. Ua hilo limebomoka. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya, na watu wakajifunza kutuma fedha kwa simu. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambayo huweka akiba na kukopesha kwa simu ile ile. Januari 2019 ikaja Fuliza, imwezeshayo mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo. Na tarehe 30 Novemba 2022 Serikali ikaanzisha Hustler Fund, yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mambo haya yamewafaa wengi. Wagonjwa wamefikishwa hospitali, na wachuuzi wamepata fedha za kununulia mali asubuhi. Kisu kikali hukata nyama, tena hukata kidole, na kosa si la kisu.

Na achukuliwe karani mmoja awe mfano wa wengi. Karani huyu anafanya kazi ofisini katika mji mdogo wa nchi ya majani ya chai. Ana mke, watoto watatu, shamba dogo la chai na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mshahara wake ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Baada ya kodi, makato mengine na mkopo wa benki, hupata mkononi shilingi 24,000. Hanywi pombe, hapigani na mtu, na jirani zake humhesabu kuwa mtu mwenye akili. Lakini kila mwezi, kabla ya tarehe 15, mfuko wake huwa mtupu, naye huanza kubonyeza simu.

Siku moja ya Jumatano jioni alirudi nyumbani akamkuta binti yake mkubwa, ambaye husoma katika shule ya bweni. Alikuwa amerudishwa kwa sababu ya karo. Msichana hakulia wala hakulalamika. Aliliweka sanduku lake karibu na mlango, akachukua panga akaenda kumkatia ng'ombe majani. Baba alipoliona sanduku lile alikumbuka kwamba Ijumaa iliyopita aliwalipia rafiki zake nyama na soda, akapewa shukrani nyingi. Usiku ule hakula.

Kulipokucha alimwambia mkewe kwamba ameazimia kumwuza ng'ombe. Mkewe alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, ukimwuza ng'ombe utalipa deni la leo. La kesho utalilipa kwa kuuza nini?"

Neno hili ndilo lililokuwa mwanzo wa dawa. Wale wawili waliketi mezani na daftari ya mtoto, wakaandika madeni yote bila kuficha hata moja, maana deni lililofichwa kwa mke au kwa mume huzaa gizani. Shule ilidai shilingi 12,500. Shemeji alidai 10,000. Mkopeshaji wa kwanza wa simu alidai 6,000, wa pili 3,500, na deni la kutuma fedha zisizokuwapo lilikuwa 2,800. Mwenye duka alidai 4,200. Jumla ilikuwa shilingi 39,000. Karani alishangaa. Siku zote alidhani kwamba madeni yake hayafiki hata elfu ishirini, kwa kuwa aliyakumbuka moja moja.

Kisha wakaandika matumizi, na hapa ndipo palipouma zaidi. Chakula cha nyumbani, gesi na mahitaji ya watoto wadogo vilichukua shilingi 12,000. Chai, mandazi na chakula cha mchana hotelini, shilingi 150 kwa siku 22 za kazi, vilikuwa 3,300. Bodaboda ya asubuhi na ya jioni, shilingi 200 kwa siku, ilikuwa 4,400. Bando za simu za shilingi 50 kila siku zilikuwa 1,500. Nyama na soda za Ijumaa zilikuwa 2,400, kubeti mpira 800, na michango ya harusi na matanga 2,500. Ukiacha yale mahitaji ya nyumbani, mambo haya madogo yalikuwa shilingi 14,900. Basi nyumba iliyopata 24,000 ilikuwa ikitumia 26,900. Upungufu wa 2,900 kwa mwezi si jambo la kutisha mtu. Lakini kwa miezi kumi ni shilingi 29,000. Hivyo ndivyo deni lilivyoingia, nalo halikubisha hodi.

Watu wengi hudhani kwamba aliye na deni ni mtu aliyenunua kitu kikubwa. Huenda ikawa hivyo kwa wengine. Lakini mara nyingi nyumba hubomolewa na mchwa, wala si na ndovu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuitazama nyumba yao na kuuliza ni kipi kiuzwe. Sebuleni palikuwa na televisheni kubwa waliyoinunua kwa fedha za bonasi ya majani ya chai. Mke alisema kwamba ng'ombe hula majani akatoa maziwa, bali televisheni hula umeme ikatoa maneno. Iliuzwa kwa shilingi 9,000, na fedha zile zikapelekwa shuleni siku ile ile. Baba mwenyewe alikwenda kumwona mwalimu mkuu, hakumtuma mtoto, akaahidi kulipa baki ya 3,500 katika miezi mitatu. Jumatatu iliyofuata binti alikuwa darasani.

Jambo la pili ni kukata matumizi. Karani alianza kuchukua githeri kutoka nyumbani, akanunua chai tu kwa shilingi 20. Asubuhi na jioni alikwenda kwa miguu, mwendo wa nusu saa, akapanda bodaboda siku za mvua pekee. Alinunua bando moja ya mwezi. Nyama ililiwa nyumbani mara moja kwa mwezi, na watoto wakapata sehemu yao. Kubeti aliacha kabisa. Yale mambo madogo ya shilingi 14,900 yakashuka hadi 3,340, na kila mwezi zikabaki shilingi 8,660 za kulipia madeni.

Jambo la tatu ni kutazama deni lipi lianze, maana madeni hayalingani. Liangaliwe jambo hili kwa hesabu. M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akikopa shilingi 10,000 kwa ada kama hiyo atalipa 750 juu yake kwa mwezi mmoja. Akilipa kisha akakopa tena, mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka atakuwa ametoa shilingi 9,000 za ada, na zile 10,000 bado anazidaiwa. Lakini mwanachama wa Sacco itozayo asilimia 1 kwa mwezi juu ya baki ya deni, akikopa 10,000 na kupunguza mkopo kwa sehemu sawa miezi 12, riba yake yote ni shilingi 650. Riba ya mwaka mzima huku haifiki ada ya mwezi mmoja kule. Kwa hiyo yafaa deni lililo ghali lilipwe kwanza, hata kama ni dogo, na wadai wengine waendewe kwa adabu kabla ya siku ya ahadi kupita. Mdai akijiwa mapema husikiliza, akifichwa hukasirika.

Karani alifuata njia hiyo. Mwezi wa kwanza alilimaliza deni la kutuma na la mkopeshaji wa pili, akapunguza la kwanza. Mwezi wa pili alimaliza la mkopeshaji wa kwanza, akamlipa mwenye duka yote. Mwezi wa tatu alimaliza karo, akaanza kumlipa shemeji. Na mwezi wa nne alimaliza la shemeji pamoja na ada zilizokuwa zimeongezeka njiani.

Lakini isidhaniwe kwamba miezi ile ilikuwa miepesi. Kukosa nyama ya Ijumaa hakukumwumiza kama kukosa heshima mbele ya watu. Rafiki walimcheka kwa ajili ya kopo lake la githeri. Mjomba wake alipomjia kuomba mchango wa harusi, karani alimpa shilingi elfu moja akasema, "Shikamoo mjomba. Nina hii elfu moja. Nikizidisha hapo nitakuwa nimekupa fedha za mtu mwingine." Mzee aliipokea, akaitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Marahaba. Mpwa wangu, hata yangu niliyotoa leo nimeikopa." Wengi wanaotoa kwa mkono mkubwa mbele ya watu hawalali usiku, na kila mmoja hudhani kwamba yuko peke yake.

Mkulima naye ana mtego wake. Mshahara wa karani huja kila mwezi, bali fedha za mkulima huja kwa msimu. Mkulima wa chai hupata malipo ya majani yake kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka, kwa desturi karibu na mwezi wa Oktoba. Bonasi huja kama mvua ya gharika. Mwenye pipa huteka, na asiye na pipa huachiwa matope. Yafaa fedha hizo zigawanywe kabla hazijaja: sehemu ya karo ya Januari, sehemu ya mbolea na ya kutunza shamba, sehemu ya akiba, na ile itakayobaki ndiyo ya kufurahia. Anayekopa mwezi wa Juni akiahidi kulipa kwa bonasi ameuza mavuno ambayo hayajui bei yake.

Tena ni vizuri msomaji afahamu kwamba sheria haikumwacha mwenye deni bila kinga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato ya mshahara, yote kwa pamoja, kuzidi theluthi mbili ya mshahara, ili mfanyakazi abakiwe na theluthi moja ya kula. Kanuni za Wakopeshaji wa Kidijitali za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, zikawakataza kuwatisha na kuwatukana wenye madeni, au kuwapigia jamaa na rafiki walioandikwa katika simu zao ili kuwatia aibu. Mtu atendewaye hivyo na apeleke malalamiko yake Benki Kuu. Lakini kinga hii ni ya kumlinda dhidi ya ukatili tu. Deni lenyewe halifutwi na sheria wala na kuzima simu.

Mwezi wa tano ulipoingia, karani hakuwa tajiri. Viatu vyake vilikuwa vile vile, na ukutani pa sebule palikuwa na alama mahali ilipokuwapo televisheni. Lakini tarehe 15 ilifika mfuko ungali na fedha, na simu ilipolia usiku alinyosha mkono kuipokea bila kuangalia kwanza ni nani. Zile 8,660 zilizokuwa zikienda kwa wadai ziligawanywa: nyingine ziliingia Sacco kila mwezi, nyingine zikawekwa kwa karo ya muhula ujao, na shilingi mia chache zikarudi kwenye nyama ya watoto. Daftari iliendelea kuandikwa kila jioni, na mwandishi wake sasa ni yule binti mkubwa awapo likizoni.

Basi asiyetaka matanga na aangalie harusi zake. Na aanze leo jioni kwa kalamu na daftari, mke na mume pamoja, kabla ya sanduku la mtoto kuonekana mlangoni. Dawa ya deni ni kulipa. Na mlipaji hupata cha kulipa kwa kukizuia kwanza kile kimtokacho mfukoni bila yeye kujua.