Korongo wa Uani na Yai Lake

Kwa miaka mingi katika miji ya Rwanda, Rusizi ikiwamo, ambayo wazee bado huiita Cyangugu, ilikuwa fahari ya mwenye nyumba kuwa na umusambi uani. Ndege huyo ni korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, yule yule aliyemo katika bendera ya Uganda. Alihesabiwa kuwa ishara ya utajiri na ya maisha marefu. Wageni walimsifu, na hoteli nazo zikamweka bustanini. Jambo moja halikuulizwa sana: mbona ndege anayeonekana mzima hutaga kwa nadra mno?

Jibu lilianzia bawani. Ili asiruke, alikatwa manyoya, au hata akavunjwa mfupa. Tangu hapo alikula makombo ya jikoni badala ya panzi, vyura na mbegu za nyasi. Akalala chini, ilhali desturi yake ni kulala mtini. Tena mara nyingi aliishi peke yake. Porini korongo huyu hukaa na mwenzi mmoja kwa miaka. Wawili hao huchezeana wakiinama na kuruka, kisha hujenga kiota katika matete ya bwawa, na yale mayai mawili au matatu huyaatamia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Uani hapana bwawa, matete wala mwenzi.

Mwili wenye dhiki hujipangia matumizi kama mama wa nyumba wakati wa njaa: kinachoweza kusubiri husubiri. Tezi zilizo karibu na figo humwaga homoni ya dhiki, ambayo kwa ndege huitwa kotikosteroni. Kwa kitambo kidogo homoni hiyo humwokoa mnyama, kwani humpa nguvu ya kukimbia. Ikidumu kwa wiki na miezi, huzizuia homoni za uzazi, na yai huwa miongoni mwa vinavyosubiri.

Duma walikwisha kulionyesha jambo hili zamani. Mfalme Akbar wa India, katika karne ya 16, alifuga duma wengi wa kuwindia, wala hawakuzaa. Mwanawe Jahangir aliandika juu ya jike mmoja aliyezaa, baada ya dume kujinasua ukosi wake na kumfuata mwenyewe. Kisha haikusikika tena hadi mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani.

Kuipima dhiki hiyo kuna mtego wake. Ukimkamata ndege ili umtoe damu, homoni hupanda katika dakika chache, na kipimo huwa cha hofu ya kukamatwa. Kwa hiyo wataalamu huokota kinyesi. Humo huonekana mabaki ya homoni ya dhiki na ya zile za uzazi pia, na mnyama hata hajui kwamba amepimwa. Kipimo kimoja hakitoshi. Hukusanywa vingi, na mnyama hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe, kabla na baada ya kuhamishwa banda au kuletewa mwenzi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, huko huko Rwanda, kinyesi cha gorila wa mlimani wasiofugwa kimepimwa vivyo hivyo.

Mwaka 2012 korongo huyu aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwakusanya waliofugwa. Redio iliwaita wananchi wajiandikishe bila kuogopa adhabu, na makorongo zaidi ya 200 yakatolewa majumbani na hotelini. Yenye afya yalipelekwa Hifadhi ya Akagera, mashariki, yakakaa kwanza ndani ya uzio hadi manyoya ya mbawa yalipoota, kisha yakaruka yenyewe. Yaliyovunjwa mbawa hayangeweza kurudi porini. Yalipewa makao Kigali, mahali paitwapo Umusambi Village, penye maji na matete.

Mkulima wa mpunga wa Bugarama, kusini mwa Rusizi, akikuta kinda la korongo matetesini, asilichukue nyumbani kwa huruma. Kinda hutoka kiotani likiwa bado dogo sana, na wazazi wake mara nyingi huwa karibu wakingoja mtu aondoke.