Lumbesa na tairi la tela

Matela ya magurudumu mawili yaletayo mahindi Bomani, Tarime, hupakiwa kwa idadi ya magunia. Tairi hubeba kilo. Tairi la gari dogo la 195/65 R15 kwa kawaida huandikwa ubavuni 91, yaani kilo 615 upepo ukiwa kamili. Mawili hubeba kilo 1,230, uzito wa tela ukiwamo. Magunia 10 ya kilo 100 yanawezekana, iwapo tela halizidi kilo 230. Yakiwa lumbesa ya kilo 130, mahindi peke yake ni kilo 1,300. Tairi (mara nyingi la mtumba) hupata joto, hupasuka. Mwenye tela huiongeza hasara hiyo kwenye nauli, na anayeilipa ni mkulima, ambaye lumbesa imekwisha kumpunja kwenye bei.