Ukiambiwa "toa masega", uliza kwanza

Magari ya zamani ya mwendo kasi, kama Toyota Altezza na Subaru Impreza, sasa yanafika hadi vijijini. Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo nyingi zimechoka. Wanaozinunua huambiwa neno lile lile gereji: "Toa masega, gari lipumue." Tuangalie maana yake.

Masega ni nini?

Ni kipande kilicho ndani ya bomba la moshi, chenye matundu madogo kama sega la nyuki. Matundu hayo hupakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishapata moto, hupunguza sana sumu iliyomo kwenye moshi, ikiwemo kaboni monoksidi.

Je, nguvu huongezeka?

Kwa Impreza yenye tabo, bomba pana husaidia, mradi kompyuta ya injini irekebishwe pia. Altezza ilitoka kiwandani bila tabo, hivyo mwenye gari hupata kelele nyingi na nguvu kidogo. Taa ya injini nayo inaweza kuwaka.

Ni kweli, masega yakiziba gari huwa zito. Lakini mara nyingi huzibwa na injini inayokula oili au inayochoma mafuta vibaya. Ukiyatoa bila kutengeneza injini, umeondoa dalili na kuacha ugonjwa.

Nani anafaidika?

Rodiamu imewahi kuuzwa ghali kuliko dhahabu, ndiyo maana masega yaliyotumika yana wanunuzi. Ukiyaacha gereji, umemlipa fundi akuondolee mali yako.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2020, wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika, wakakuta baadhi yameshatolewa masega kabla ya kupanda meli. Moshi wake tunauvuta sisi, na watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule.

Ufanye nini?

Mwambie fundi apime kwanza kama masega yameziba kweli, na akuonyeshe. Kama ni lazima yatoke, weka mengine na uondoke na ya zamani. Bomba likishachomelewa, hakikisha halivuji kwenye maungio. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ikiingia ndani ya gari lililofungwa vioo, inaua.